Mume Wetu Bado Yuko Mlangoni

Mama mdogo alinipigia simu siku ya Jumamosi nikiwa dukani Mwanjelwa, hapa Mbeya, mashine ya kutoa kopi inanguruma na wateja wamenizunguka kila mmoja anataka chake kwanza. Akasema nyumba ya Bibi inapata wapangaji mwisho wa mwezi, niende Iringa nikachukue vitu vyangu. Nikamuuliza vitu gani tena, mimi si niliondoka pale na kibegi cha shule tu? Akasema, "Wewe njoo. Kuna kifurushi chako chini ya kitanda. Bibi yako alikataza kisiguswe."

Basi nikaenda. Iringa ikanipokea kwa baridi yake ile ile ya kuingia kwenye mikono ya sweta. Nyumba iko pale pale chini ya majabali, ila mlango wameshaupaka rangi ya bluu. Nikasimama nje nikapaza sauti, "Hodi!" Mazoea tu. Mama mdogo akatokea uani, simu mkononi, akasema, "Sasa unapiga hodi nyumba tupu? Si ungenipigia ukasema uko nje." Tukacheka, yeye zaidi kuliko mimi.

Kifurushi kilikuwa kimefungwa kwa kitenge cha Bibi, kile chenye kuku na vifaranga, kikazungushiwa kamba ya milulu, yale majani aliyokuwa akisukia vikapu. Nilijua kilichomo kabla sijafungua. Gemu yangu. Mashine ya kijivu iliyopauka, pedi moja, waya zake, na kale kamemori kadogo ka kutunzia ulipofika, kalikochomekwa mbele, bado kamekaa mahali pake. Nikakaa sakafuni kwenye vumbi nikiwa nimekipakata. Mama mdogo alipita mara mbili mlangoni, akaniacha, na ninamshukuru kwa hilo.

Rafiki yangu, ngoja kwanza nikujibu swali ambalo najua unalo, maana kila mtu analo. Kazini wananiuliza, "Dada, umri huo bado unacheza gemu?" Mama mwenye nyumba wangu hapa Iyunga aliniuliza kama sina mchumba. Nimechoka kujieleza, kwa hiyo nitajieleza mara moja tu, hapa, na ukimaliza kusoma usiniulize tena.

Kwanza, sichezi yale ya mpira wala ya ngumi, yale waliyokuwa wakigombania vijana vibandani. Napenda yale ya safari. Unapewa mtu mmoja hana kitu, fimbo tu na viatu, unatembea naye nchi nzima, unaongea na watu, unapata wenzako wa njiani, unamlea mpaka anakuwa mtu kati ya watu. Wenyewe wanayaita RPG. Bibi aliyaita safari, na mimi sijapata jina bora zaidi.

Pili, itabidi nikurudishe nilipokuwa darasa la nne.

Baba alipofariki, Mama alibaki na meza yake ya mchele sokoni na madeni ya msiba. Akaamua kwenda Tunduma, mpakani, akajaribu upya. Mtoto huwezi kumpeleka mahali ambapo wewe mwenyewe hujui utalala wapi, kwa hiyo nikapelekwa Iringa kwa mama yake. "Kwa muda tu," alisema. Neno hilo, muda, nililichukia nikiwa na miaka kumi na mpaka leo silipendi. Shuleni nilikuwa mgeni. Watoto wa pale walikuwa wanasalimiana Kihehe, wanatukanana Kihehe, na wakiwa wanataka kunisema mimi wanahamia Kihehe hicho hicho. Mwalimu wa darasa aliniita "wa Mbeya" hadi mwisho, kana kwamba sikupewa jina. Nikitoka shule nilikuwa sina pa kwenda ila nyumbani kwa Bibi, na Bibi alikuwa mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi. Nilikuwa mpweke, sina neno jingine la kusema. Nilikuwa naongea na kuku.

Gemu ilikuwa ya mjomba. Mjomba alikuwa fundi redio, mtu wa kuleta vitu nyumbani na kuondoka bila kuaga. Alikuja siku moja na TV ya kichogo na hiyo mashine, akaziunganisha sebuleni, akasema tumtunzie mpaka atakaporudi, akaenda machimboni. CD ilikuwa moja tu. Hakurudi kuzichukua. Bibi akazifunika kitenge kama anavyofunika kila kitu, na mimi nikafunua.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Kuna kijana, mtoto tu, kisima cha kijiji chao kimekauka. Mama yake anampa kibuyu, anamwambia panda mpaka kwenye chemchemi iliyo juu ya mlima wa mwisho, ulete maji. Anatoka nyumbani, mlango unafungwa nyuma yake, safari inaanza. Basi. Mengine yote, mazimwi, wafalme, mapango, ni katika kufuata hayo maji.

Bibi siku za mwanzo hakuangalia. Alikaa kwenye mkeka wake karibu na jiko la mkaa, bakuli la maji pembeni, akilowesha milulu na kusuka. Makande yanatokota, harufu ya maharage na moshi, nje malori yanalia yakipanda mlima kutoka Ipogolo. Mimi nabonyeza vidude vyangu. Kisha yule kijana akaingia nyumba ya kwanza ya kijiji, akafungua sanduku la watu akachukua mkate, kama gemu inavyotaka.

Bibi akaweka kikapu chini. "Huyo ni nani yake?"

"Nani, Bibi?"

"Mwenye nyumba. Ni nani yake mpaka anaingia bila hodi, anafunuafunua vitu vya watu?"

Nikamweleza kwamba ni gemu, kila anayecheza anafanya hivyo. Loo! Ningenyamaza. "Kila anayecheza nani? Mimi simjui. Katika nyumba hii mtu haingii kwa mtu bila hodi, awe nje, awe ndani ya hilo boksi." Kisha akanipa sheria, nami nakupa kama nilivyopewa. Hodi ya kwanza mwenye nyumba anaisikia. Ya pili anajifunga kanga vizuri. Ya tatu anaitikia. Ya tatu usipojibiwa, geuka urudi ulikotoka. Ama hakuna mtu, ama hawataki mgeni, na yote mawili si kazi yako kuyachunguza.

Kuanzia hapo, kila mlango, namsimamisha kijana nje, nasema, "Hodi." Na Bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu chake, anaitikia, "Karibu." Ndipo naingia. Ndani lazima nimsalimie kila aliyemo, mmoja mmoja, na Bibi ananisaidia: "Kamwene," anawasalimu kwa Kihehe. Kwenye magemu haya ukimgusa mtu anakuambia neno lake, na ukimgusa tena anarudia lile lile. Bibi hakuona ajabu yoyote. "Si ndivyo watu walivyo," alisema. "Jirani yetu huyu hapa miaka yote ananieleza mguu wake."

Usifikiri karibu yake ilikuwa ya bure. Kulikuwa na nyumba ya mfanyabiashara mmoja ambaye mwanzoni alimnyima kijana wetu maji ya kunywa. Baadaye gemu ikatutaka tuingie kwake tukachukue ufunguo. Nikapiga hodi. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, Bibi anasuka tu, mdomo ameukaza. Nikamgeuza kijana nikarudi. Kesho yake vile vile, na keshokutwa. Nikamwambia, "Bibi, bila huo ufunguo hatuendi popote," akanijibu, "Tutafute njia nyingine." Njia nyingine haikuwepo. Nilinuna mpaka nikakataa viazi, na mimi kwa viazi vya Iringa sikuwa mtu wa kukataa. Ndipo akasema, "Haya, karibu. Lakini asikae."

Unajua utani wa bibi na mjukuu wa kike: mimi kwake nilikuwa "mke mwenzangu", tunagombea mume mmoja, marehemu babu. Sasa babu hakuwepo, na huyu kijana akawepo. Siku moja natoka shule, nimelowa, nimechekwa njia nzima kwa sababu ya sweta yangu, naingia nikiwa na uso wa kulia. Bibi ananiangalia, anasema kwa sauti ya wivu kabisa, "Mke mwenzangu, umechelewa. Mume wetu yuko pale njiani tangu jana hajala." Nikacheka hadi kamasi zikanitoka. Tangu hapo hakuwa na jina lingine. Mume wetu amelala wapi? Mume wetu ana kovu, nani kamuumiza? Mume wetu anapita porini na kale kafimbo, wewe mke gani usiyemnunulia mkuki? Ila akimwonea huruma kweli, utani unaisha, anamwita mtoto wa watu. "Mtoto wa watu huyo, mama yake atakuwa hapati usingizi."

Kiingereza changu kilikuwa cha kikombe na kiti. Maneno mengi ya mle ndani sikuyaelewa, nikawa namtafsiria Bibi nilivyoona inafaa. Miaka mingi baadaye nilipokijua Kiingereza ndipo nilipogundua kuwa mzee mmoja mhunzi wa mle ndani hakuwahi kusema anatoka Njombe. Mimi ndiye niliyemtoa huko.

Mhunzi huyo alikuwa mmoja wa wenzetu wa njiani. Walikuwepo pia dada wa mishale na mama mmoja mchoma mkaa. Na hapa ndipo palipotokea jambo ambalo nikikumbuka bado linanigusa kifuani. Gemu hairuhusu wote wanne watembee pamoja. Watatu wanakwenda, mmoja anabaki kambini, anakaa kando ya moto mpaka umrudie. Nilimwacha mchoma mkaa, alikuwa dhaifu, hajui kupigana. Bibi akauliza yuko wapi. Nikamwambia amebaki.

"Na nani?"

"Peke yake."

"Umemtoa mtu kwao," Bibi alisema polepole, "kwa miguu yake, kwa hiari yake, halafu unamwacha porini peke yake kwa kuwa hajui kupigana?"

Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, pedi mikononi, nikamuuliza kile nilichokuwa nimekibeba tangu nilipofika. Nikamuuliza kama na mimi Mama ameniacha kambini kwa kuwa sina msaada.

Bibi hakuwa mtu wa kukumbatia. Aliendelea kukaza milulu kidogo, kisha akasema, "Wewe hukuachwa. Umewekwa. Kilichoachwa hakiuliziwi tena. Wewe mama yako anakuulizia kwa simu kila Jumapili, kala, kalala, kafaulu. Mimi masikio yananiuma." Akanipa kikombe cha chai ya tangawizi, ikaniunguza ulimi, nikanyamaza. Tukakubaliana kuwa hatuachi mtu. Kila jioni tulikuwa tunabadilishana, huyu akae leo, yule kesho, na kwa sababu hiyo wote walikua kidogo kidogo na safari yetu ikachukua muda mrefu kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kuicheza ile gemu, nina hakika. Tulipigwa kila pango. Sikujali.

Lakini moyoni nilikuwa nimeweka nadhiri ambayo sikumwambia mtu. Nilijiambia hivi: siku kijana wetu atakapofika kwao na yale maji, akafungua mlango wa mama yake, ndiyo siku na Mama yangu atakuja kunichukua. Utasema ni utoto, na ni kweli. Ila mtoto anayesubiri lazima awe na kitu cha kusubiria, la sivyo anaumwa. Kila tulipoishinda hatua moja, nililala nikijua Tunduma imesogea.

Tulichota maji mwishoni mwa msimu wa baridi, mwaka wangu wa pili pale. Juu ya ule mlima wa mwisho Bibi alisimama kabisa, akaacha kikapu. Kisha tukaanza kurudi, na gemu, kwa wema wa aliyeitengeneza, ilikuwa imeondoa mazimwi yote njiani. Unatembea tu. Watu wale wale uliowapita wanakusalimu. Tulirudi jioni kadhaa taratibu, tukipiga hodi kila nyumba kuwaaga, hata kwa yule mfanyabiashara, na Bibi akaitikia karibu bila kununa. Hadi tukafika kijijini kwao, mbele ya mlango wa mama yake.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema hodi pale aliposikika mtu nje analia, hodi hodi za haraka. Jirani, yule wa mguu, alikuwa amefariki. Bibi akainuka, akajitanda kanga, akachukua mkeka wake. Msiba ni msiba, wanawake wanakwenda kulala huko. Mlangoni akageuka akaniambia, "Mke mwenzangu, usiingie bila mimi. Yule mama ndani hana wa kumwitikia hodi. Mimi ndiye nitakayesema karibu." Nikamwahidi. Nikasevu pale pale mlangoni, nikazima.

Na asubuhi Mama akaja.

Alikuja na basi la mapema, amenenepa kidogo, amevaa gauni jipya la bluu, harufu ya sabuni nisiyoijua. Amepata chumba Iyunga, amepata meza tena Mwanjelwa, shule imekubali kunipokea, tuondoke leo leo maana kesho ana mzigo wa kupokea. Jamani, nilifurahi. Sitakuficha, nilifurahi mpaka nikasahau kila kitu, nilikuwa naruka uani kama mwanambuzi. Bibi alirudi kutoka msibani saa nne, macho mekundu, akatukuta tumeshafunga kibegi. Ndipo nikakumbuka. Nikamwambia, "Bibi, kijana wetu!"

Akaniangalia, akaiangalia TV iliyozimwa. "Wewe umefika kwanza," akasema. "Yeye ni mwanaume, atasubiri. Utakuja likizo tumwingize." Akanifungia maparachichi na mahindi ya kuchoma, akanisindikiza mpaka barabarani. Hakuingia kituoni, akasema ana msiba.

Likizo ya kwanza nilikwenda. Lakini kabla sijafika umeme ulikuwa umekatika ukarudi kwa nguvu, TV ikaungua, ikatoa moshi. Fundi akasema haiponi. Hakuna aliyenunua nyingine. Bibi alisema yeye TV hana shida nayo, yeye alikuwa na mtu mmoja tu mle ndani. Tukakaa jikoni, tukasuka. Miaka ikaenda. Mama akarudi Tunduma safari hii na mume, mimi nikabaki Mbeya na masomo, kisha na kazi. Iringa nikawa naenda kwa harusi na misiba, naingia asubuhi natoka jioni, nyumba imejaa watu. Bibi macho yakaingia mtoto wa jicho, akawa anasuka kwa vidole tu. Ila kila tulipoongea kwa simu, baada ya salamu, baada ya mvua na mahindi, alisema lile neno lake: "Mume wetu bado yuko mlangoni." Nami nilijibu, "Nakuja, Bibi." Alifariki kipindi cha baridi cha mwaka jana. Mama mdogo alisema hakuugua.

Sasa unaweza kuelewa magemu ninayoyapenda. Chuoni nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na humo nilicheza moja ya mji ambao mvua hainyeshi ila usiku, wewe ni mgeni umeshushwa pale, huna ndugu, na kazi yako yote ni kujulikana. Hakuna vita. Unabeba mizigo ya watu, unasalimia, mpaka siku moja muuza samaki anakuita kwa jina. Nilikuwa nimepanga chumba upande mwingine wa Iyunga, sijui mtu, nikirudi kutoka kwenye vipindi nakuwa sijafungua kinywa kutwa nzima, na yule muuza samaki aliponiita kwa jina nilifuta machozi kwenye foronya. Kuna nyingine ninayo kwenye kompyuta, ya msafara wa watu waliofukuzwa nchi yao. Vita vyake ni vizuri, wanasema. Mimi navipita haraka ili ifike jioni, wanapoota moto, na kila mmoja akikaa anasema lake. Humo naruhusiwa kutembea na wote. Nilipoliona hilo nilisimama nikazunguka chumba.

Hiyo ndiyo sababu yangu, rafiki yangu, na haina elimu ndani yake. Mle mtu hana haraka. Ukimwendea anaacha kazi yake anakugeukia. Huku kwetu siku hizi nani ana nafasi hiyo? Hata hodi imekufa. Mtu anakuja kwako anasimama nje anatuma ujumbe, "nipo getini." Hapa ninapokaa tuko wapangaji sita, milango imetazamana, na sauti ninayoisikia mara nyingi ni ya kufuli.

Nilirudi na kifurushi Iyunga Jumapili jioni. Nikakifungua kitandani. TV yangu ni ya kisasa, bapa, lakini nyuma ina matundu yale ya zamani, njano, nyeupe na nyekundu. Mashine haikukubali mara ya kwanza. Nikapuliza vumbi, nikafuta CD kwa kitenge cha Bibi, nikajaribu tena. Ikaunguruma. Wimbo wa mwanzo ukatoka, ule ambao Bibi aliupigia mluzi akipepeta mchele.

Kumbukumbu ilikuwepo. Moja tu, yetu. Nikaifungua.

Alikuwa pale pale. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kibuyu mgongoni, amesimama mbele ya mlango wa mama yake. Nyuma yake yuko mhunzi, na mchoma mkaa pia; ile jioni ilikuwa zamu yake kutembea na sisi. Kisima cha kijiji kikavu kando yao. Ilibaki kubonyeza mara moja tu. Nimekaa miaka yote hii nikitaka kuona uso wa yule mama atakapofungua.

Nikasema, "Hodi."

Chumba changu kina kitanda, jiko la gesi, na ndoo mbili. Nikasikiliza. Nilijua ninafanya nini, usinione mwehu, na bado nilisikiliza. Nikasema tena, "Hodi," kwa sauti, ile ya kusikika mpaka jikoni. Barabarani lori lilipita kwenda mpakani. Nikangoja mpaka likaisha kabisa.

"Hodi," nikasema ya tatu.

Nikangoja muda wa mtu mzima kujifunga kanga, muda wa mtu mwenye mtoto wa jicho kutafuta ndara zake. Kisha nikamgeuza mtoto wa watu pale mlangoni, nikamrudisha mpaka kisimani, nikamkalisha na wenzake. Nikasevu, nikazima, nikawafunika kitenge.